Kori Kumi na Sita za Fundi Mjuaji

Mimi ni fundi wa kompyuta, na mdomo wangu ulihitimu kabla yangu. Mteja akiuliza kompyuta ipi ni nzuri, sisubiri amalize. "Hesabu kori," namwambia. Kori ni vile vibongo vidogo ndani ya prosesa: vinne ni vichache, vinane vya kujikongoja, kumi na sita ni heshima. Nimehubiri hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali la pili. Nilidhani wananiheshimu. Kumbe walikuwa wananionea haya.

Mke wangu huchora ramani za majengo. Majuzi alipata kazi aliyokuwa akiiota: madarasa sita na maktaba, ramani zimfikie mhandisi wa mradi Ijumaa saa sita mchana. Zikichelewa, kazi inakwenda kwa mchoraji mwingine, mwanamke waliyesoma naye darasa moja, ambaye kwetu hata jina lake halitajwi mezani. Nami nikajitia kiherehere. Nikamwambia kazi kubwa namna hiyo haifanywi kwa mashine yake ya kori sita, nitamletea mashine ya maana.

Akanipa flashi yenye mchoro wake. "Kabla hujaileta, ipime kwa huu. Programu yangu inachora hatua kwa hatua."

"Hayo niachie mimi, mke wangu. Nimeanza kuchezea prosesa wewe hujajua kushika penseli."

Flashi nikaitia mfukoni nikaisahau. Dukani nilipata mashine ya kori kumi na sita, mali ya ofisi iliyokuwa ikibadilisha vifaa, nikaipima kwa ile programu inayozitwisha kori zote kazi kwa pamoja. Alama zikazipita zile za mashine ya zamani kwa theluthi nzima. Nilimwita hata muuza soda wa jirani aje ashuhudie. Jumatano nikaifunga mezani kwa mke wangu, na ile ya zamani nikampelekea shemeji, mdogo wake, ambaye ni kinyozi, awe anawapigia wateja muziki.

Alhamisi asubuhi mke wangu alifungua mchoro, akasogeza ukuta. Tukasubiri. Akasogeza mwingine. Tukasubiri tena, mpaka chai ikapoa.

"Ina nini?" akauliza.

"Bado inazoea," nikasema, kana kwamba nimeleta mbuzi mgeni zizini.

Nikafungua ukurasa unaoonyesha kori zinavyofanya kazi. Moja ilikuwa inahangaika peke yake, kumi na tano zimekaa kitako. Na hiyo moja nayo ilikuwa goigoi. Kila prosesa ina mapigo yake ya ndani, na kwa kila pigo kori hii ilifanya kama nusu ya kazi ya kori moja ya ile mashine niliyoigawa. Nilikuwa nimehesabu vichwa, nguvu sikuuliza.

"Uliipima kwa mchoro wangu?"

Nikatazama sakafu.

"Ukuta haujasimama, dirisha nitaliweka wapi?" alisema taratibu. "Ndiyo maana nilikwambia hatua kwa hatua. Hizo kori zako nyingine zinangoja nini, kadi ya mwaliko?"

Angegomba, ningejitetea, hilo naliweza. Lakini hakugomba. Alitazama saa ya ukutani, macho yakamjaa machozi, na hapo nikaogopa kweli.

Nilitoka mbio na ndara miguuni. Shemeji nilimkuta ameweka wembe kwenye shingo ya mteja.

"Umefuta programu za dada yako?" nikauliza nikihema.

"Shemeji, niliiwasha, muziki ukalia, nikaiacha. Kitu kinafanya kazi nikiguse cha nini?"

Niliikumbatia ile mashine hadi nyumbani, nywele za watu nisiowajua zikinidondokea kifuani. Mke wangu aliifuta vumbi, akakaa, akachora kutwa nzima bila kunisemesha. Ijumaa aliendelea tangu alfajiri, nami nikipita kwa kunyata. Saa tano na nusu ramani zikamfikia mhandisi.

Jumatatu mhandisi akapiga simu. Kazi imekubaliwa, na akazisifu ramani mpaka mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Kisha mhandisi akasema ofisi yake inataka kompyuta mpya kwa wachoraji wanne. Je, mama anamtumia fundi gani?

Mke wangu alinitazama. Nikakaa wima, nikaweka kola sawa.

"Yupo mmoja ninayemwamini," alisema. "Ni kinyozi, lakini hutajuta."

Iliniuma, siwezi kusema uongo. Na kwa vile simu ilikuwa sikioni mwake, hakuweza kuitafuta namba ya mdogo wake. Akanipungia mkono, nami nikamtajia, tarakimu moja moja, polepole, asije akakosea.