Diski Saba za Mzee Tulieni

Naanza na shukrani kwa watu nisiowajua hata kwa sura. Wapo mahali fulani, wametengeneza programu ya kuundia DVD, wakaiweka mtandaoni na kusema anayetaka achukue bure. Nilikuwa mmoja wa waliochukua. Sidhani kama wana habari kwamba kuna mwanamke wa miaka sitini na moja, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyeshinda na kazi yao asubuhi mpaka adhuhuri akiisema vibaya. Mwanamke huyohuyo sasa akiomba dua hawasahau.

Mume wangu alikuwa mpiga video. Harusi, mahafali, mikutano ya ushirika, uzinduzi wa visima, hakuna alichokikataa. Alibeba kamera begani miaka thelathini na miwili, na kwa kuwa neno lake la kwanza kila alikoingia lilikuwa "Tulieni!", watu wakampa jina hilo: Mzee Tulieni. Mimi nilikaa chumba cha mbele cha studio yetu, nikipokea wateja na kuandika majalada ya kanda, na baadaye ya diski, ndiyo maana mwenyewe akaniita Mama Majalada. Chumba cha nyuma, kwenye kompyuta ya kuhariria, sikuruhusiwa kugusa kitu. Jalada moja aliweza kunirudishia mara nne, mara herufi zimebanana, mara picha imekaa upande. Tuligombana sana juu ya majalada. Mimi sikuwahi kuomba radhi, na yeye vilevile.

Kisha akapata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa mzito, na maneno yakakatika. Sauti ilikuwepo, maana alikohoa na kuguna. Akili ilikuwepo, maana ukisema jambo la kuchekesha unaliona jicho lake linacheka. Ila neno halikutoka. Wiki ya kwanza alijaribu, ikamtoka sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akafunga mdomo na kuugeukia ukuta. Miezi miwili nilikuwa natazama kisogo.

Kila Jumanne asubuhi alikuja binti mmoja wa hospitali, kazi yake kuwafundisha wagonjwa kuongea upya. Tulimwita Mwalimu. Alikuja na kadi za picha, kikombe, kitanda, choo, ili mgonjwa anyooshee kidole anachotaka. Mume wangu alikitazama kile kikombe, kilichochorwa kama ndoo, akazisukuma kadi zote zikatawanyika sakafuni.

Mwalimu aliziokota bila kununa. Mlangoni akaniambia, "Mama, ninachokiogopa mimi si ulimi. Mzee amekata tamaa. Miezi hii ya mwanzo ndiyo yenye nafuu kubwa. Asipotaka kusema chochote sasa, baadaye itakuwa kazi ngumu zaidi."

"Sasa nifanye nini, mwanangu?"

"Mtafutie kitu cha kumfanya atake."

Rahisi kusema. Nilimsindikiza huku moyo umejaa, kisha nikaingia chumba cha nyuma kupangusa vumbi, maana mimi nikikosa la kufanya hupangusa. Nikaifuta na kompyuta, kisha nikaiwasha nione kama bado inafanya kazi. Zilikuwemo video zake zote, za miaka na miaka. Nikafungua mojawapo, mahafali ya watu nisiowakumbuka, na kabla sijaona uso wa mtu nikasikia: "Tulieni! Wewe wa nyuma, sogea kidogo."

Nilikaa chini. Katika video zote hizo mume wangu haonekani hata mara moja, kwa sababu aliyeshika kamera ni yeye. Lakini sauti yake imo kila mahali, ileile, nzito, yenye haraka. Maneno yaliyompotea mdomoni yalikuwa yamehifadhiwa humu ndani, yakiwa mazima kabisa.

Wazo lilinijia palepale. Ningekata vipande vya sauti yake, nivipange kwenye DVD. Diski ikiingia kwenye deki, kunatokea ule ukurasa wa kwanza, menyu, wenye picha za kuchagua. Anahama kwa mishale ya rimoti, anabonyeza, na runinga inamsemea kwa sauti yake mwenyewe.

Binti yetu, anayeishi mbali, alicheka kwenye simu. "Mama, siku hizi kuna vitu vya kwenye simu kwa mambo hayo. Nani anatumia DVD?"

"Baba yako," nikamjibu.

Simu ilimteleza mkononi, tulishajaribu. Mkono wa kushoto ulikuwa mgeni wa kioo cha kupapasa. Rimoti ya deki ni jambo jingine, hiyo vidole vyake viliijua hata gizani. Binti akaacha kucheka, akanielekeza jinsi ya kupakua ile programu ya bure, na hilo nalo namshukuru.

Tatizo ni kwamba mpiga video hasemi mambo ya nyumbani. Nilisikiliza saa arubaini za furaha za watu wengine nikitafuta "nina njaa" au "mgongo unauma", sikupata. Ikabidi nitumie nilichokikuta. "Maji jamani, koo limekauka," hiyo ilitoka kwenye mahafali ya siku ya jua kali, nikaiwekea picha ya bilauri. "Betri inaisha," nikaiwekea picha ya kitanda. "Fungueni madirisha, hakuna hewa." "Sogea kidogo," kwa ajili ya mto wa kuegemea. "Inatosha, asanteni, mnaweza kukaa." "Rudia tena," ambayo alikuwa akiisema mara nyingi mno hata nikaona haya kuiacha. Na "Tulieni!", bila shaka.

Diski ya kwanza niliichoma kwa kompyuta, yaani niliirekodi, nikiwa na furaha ya mjinga. Nikaijaribu hukohuko chumba cha nyuma, nikabonyeza bilauri. "Maji jamani, koo limekauka," ikasema, kisha bila kupumua: "Betri inaisha! Fungueni madirisha! Sogea kidogo! Inatosha, asanteni! Rudia tena! Tulieni!" Sikuwa nimejua kwamba kila kipande lazima ukiambie kikimaliza kirudi kwenye menyu. Usipokiambia, hakina habari, kinaendelea na safari. Niliizima mbio, nikakimbia chumbani kuona kama nimemtia mtu wazimu.

Mume wangu alikuwa ameuacha ukuta. Alikuwa ameugeukia mlango, macho yamemtoka.

"Ni wewe huyo," nikamwambia. "Subiri kidogo, nakutengeneza."

Diski ya pili niliipeleka kwa mikono miwili. Nikaiweka kwenye deki miguuni pa kitanda, nikamkabidhi rimoti. Akaitazama menyu muda mrefu. Akasogeza kidole gumba, akabonyeza. Runinga ikasema kwa sauti yake: "Rudia tena."

Nikapiga makofi. Akabonyeza. "Rudia tena." Nikacheka, nikidhani anajifurahia kujisikia. "Rudia tena. Rudia tena." Mara ya sita uso wake ulikuwa umekunjamana, na rimoti ameielekeza kwenye ukingo wa runinga. Hapo ndipo nilipoona. Ile runinga yetu ya zamani hula pembe za picha. Kitanda nilichokipiga kilikuwa kimekatwa nusu, na madirisha yamebaki fremu tu. Mwanamume asiyeweza hata kujifunga shati alikuwa ananirudishia kazi!

Nilitoka. Nilikwenda kuanua nguo ingawa hazikuwa zimekauka, nikiziambia nguo kila nilichotaka kumwambia yeye. Siku kumi na moja za kazi! Kwenye kompyuta ambayo miaka yote hakunifundisha hata kuizima! Nilikuwa na shuka la maji begani nilipojisikia vizuri ninachokisema, nikanyamaza. Mzee alikuwa amedai kitu. Kwa miezi miwili hakutaka maji, hakutaka wali wala dawa, hakutaka hata kugeuzwa, na leo ametaka kazi yangu irudiwe. Niliinama kwenye beseni la nguo nikashukuru kwa sauti, na jirani akachungulia ukutani kuuliza kama kuna mgeni.

Nikarudia. Diski ya tatu nilizivuta picha zote katikati, akaikataa kwa sababu alama ya kuonyesha umesimama picha ipi ilikuwa ya manjano juu ya manjano. Diski ya nne mishale ilikuwa na ukorofi: ukibonyeza chini kutoka kwenye bilauri, unarukia upande wa pili. Kumbe programu hukisia yenyewe usipoielekeza. Nikachukua kila picha na kuionyesha jirani zake wanne, nani wa juu, nani wa chini, nani wa kushoto, nani wa kulia. Diski ya tano sikumbuki alikataa nini, nakumbuka tu kwamba nilimwita jina baya na akatabasamu upande mmoja.

Ya sita aliikubali kwa muda. Siku hizo akaja kaka yangu, mtu mwema sana, ila akianza kusema hana breki. Alivuta kiti, akamweleza mgonjwa habari za kichwa kilichowahi kumuuma yeye mwaka fulani, daktari alisema nini na yeye alimjibu nini. Mara runinga ikanguruma: "Inatosha, asanteni, mnaweza kukaa!"

Kaka yangu, ambaye alikuwa amekaa tayari, akasimama.

Mume wangu alicheka. Alicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, na kaka yangu alipoelewa akacheka zaidi yake. Nami nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kaka alirudi kila wiki baada ya hapo, akiomba afukuzwe.

Hata hivyo hofu haikuniisha. Jumanne moja nilimvuta Mwalimu pembeni. "Mwanangu, nisije nikawa nimeharibu. Diski ikimsemea kila kitu, si mdomo wake utasahau kabisa?"

Alitikisa kichwa. "Mama, mtu anayesikilizwa ndiye anayetaka kusema zaidi. Umefanya ambalo kadi zangu zilishindwa. Sasa kila akibonyeza, mwambie afuatishe na mdomo."

Akafuatisha. "Maji jamani," ilisema runinga, na mdomo wake ukafunguka na kufumba pamoja nayo. Ilitoka pumzi tu. Jumanne ya kwanza pumzi, ya pili pumzi, ya tatu pumzi na jasho. Nilimwona Mwalimu anavyoandika kwenye daftari lake, mistari ikizidi kuwa mifupi. Nilijua miezi yenye nafuu inapita. Nilianza kuogopa kwamba sauti ya nyumba hii itabaki ile ya kwenye diski, basi.

Nikatengeneza diski ya saba. Niliongeza kitu kimoja tu. Katika video ya harusi moja ya zamani, ambapo nilimbebea betri, nilikuwa nimeisikia sauti yake ikiita katikati ya kelele: "Mama Majalada, njoo!" Nikaikata hiyo, nikajipiga picha dirishani kwa simu, nikaiweka kwenye menyu iwe ya kuniitia mimi. Nilinyoosha mishale upya, nikabadilisha rangi, nikapima nafasi kati ya picha na picha kwa rula juu ya kioo cha kompyuta. Niliapa kwamba hii haitarudi.

Jumanne Mwalimu alipokuwepo nikaiingiza kwenye deki. Yeye ndiye aliyekuwa na rimoti, alikuwa ameiokota kitandani ili amketishe mgonjwa vizuri. Menyu ikatokea, safi, kila kitu mahali pake. Nikajishika kiuno, nikageuka kumtazama bwana mkubwa.

Akaitazama. Akainamisha kichwa upande, kama afanyavyo.

"Bado."

"Bado nini tena?" nikamrukia. "Rangi nimebadilisha! Mishale nimenyoosha! Nimepima kwa rula, mzee, kwa rula! Wewe ni mtu wa namna gani usiyeridhika? Mimi nashinda humo ndani mgongo unaniuma, halafu wewe unakaa hapo unaniambia bado, bado..."

Mwalimu alikuwa amenishika mkono. Alinibana kwa nguvu hata nikamgeukia nimkemee naye, nikamkuta analia. Mkono wake wa pili ulikuwa na rimoti, hajaibonyeza. Kwenye runinga menyu ilikuwa imesimama kimya.

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda.

"Bado nini, mzee?" nikamuuliza tena, taratibu.

Alikasirika kwamba sijaelewa. Uso wote ulijikusanya, mshipa ukamsimama shingoni, akalisukuma tena lile neno kama mtu anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua. "Ba... do." Akainua mkono wa kushoto, akanyooshea kidole picha yangu kwenye runinga. Kisha akanyooshea dirisha.

Nilitazama. Nilikuwa nimejipiga nikiwa nimelipa dirisha mgongo. Mwanga wote ulikuwa nyuma yangu, na uso wangu ulikuwa mweusi, hauonekani macho wala mdomo.

Mwalimu akachukua simu yangu mezani. Mimi nikaenda kusimama pale mzee aliponionyesha kwa kidole, nikaligeukia dirisha, jua likanipiga usoni na machozi yakanishuka bila kuuliza. Nilimwambia asante. Nilimwambia mara nyingi, kwa yote, hata kwa majalada. Mume wangu akatikisa kidole kumzuia Mwalimu asipige kwanza, akasubiri nifute uso, akanikagua kutoka kitandani, kisha akashusha mkono: haya, piga.