Siku Fundi Alipokataliwa Dawa ya Fizi

Fundi cherehani alikuwa akitema damu kila akipiga mswaki, na meno yake ya mbele yalikuwa yameanza kucheza. Aliposikia kliniki ya meno inatafuta wagonjwa wa kuijaribu dawa mpya ya fizi, alimburuta mumewe wakaenda.

Daktari alimpima fizi, kisha akamtoboa kidole.

"Naumwa mdomo, daktari. Kidole changu kimekukosea nini?" fundi alitania.

Daktari hakucheka. Alitoboa kidole kingine, akakitazama tena kipimo. "Mama, kwenye utafiti siwezi kukuchukua. Una kisukari, na kimefika pabaya. Ndicho kinachozidi kuziharibu fizi zako."

Fundi alishtuka. "Mimi? Mbona siumwi popote ila mdomo!"

Mumewe alikumbuka mkewe alivyokuwa akiamka usiku kunywa maji, naye akimtania kwa kumwita samaki. Sasa alimweleza daktari habari za kiu ile.

Fundi alilazwa hospitalini siku hiyohiyo. Sukari iliposhuka na meno yakasafishwa, damu ilikoma. Lakini hadi leo akisimulia hushika kifua: "Jamani, mngenizika huku nadhani ni meno tu!"