Jina la Farasi

Mtoto wa mdogo wangu Taban atabatizwa Jumapili, na mimi ndiye mama yake wa ubatizo. Taban anataka mtoto aitwe Aldemar, yule shujaa wa mavazi ya chuma na upanga tuliyempenda tukiwa watoto wakimbizi Uganda, tukigombania vitabu vyake vya vita vya kale. Nikavifukua kwenye katoni tuliyorudi nayo Juba amani ilipotiwa saini, nikavisoma upya.

Upuuzi mtupu! Wanaume wanapigana msimu mzima na hakuna anayewapikia. Farasi wa Aldemar, Bruno, anapokufa, mwandishi anamlilia kurasa tatu. Lakini Aldemar huyohuyo anapochoma maghala ya kijiji ili adui afe njaa, tunaambiwa tu: "Wanakijiji wakakimbia." Basi. Wamekimbilia wapi? Nani kambeba bibi? Na sisi, tuliokimbia hivyohivyo, tulikuwa tukimpigia makofi mchomaji.

"Dada, ile ilikuwa vita," Taban akanung'unika.

"Kwani ghala letu lilichomwa kwenye harusi?" nikamjibu. "Ukitaka jina kutoka humo, mwite Bruno. Yeye hakuchoma chakula cha mtu."