Dhahabu ya Mzazi

Sonara aliyapanga mapambo juu ya kitambaa cha mahameli chekundu, moja moja, kama mtu anayeanika dagaa asiotaka wagusane. Hereni za matone, pete, bangili nyembamba, mikufu iliyojikunja kama nyoka wadogo waliolala. Alipomaliza alivua miwani na kuniangalia.

"Ya nani?"

"Ya mzazi," nikasema. "Wifi yangu. Amejifungua mtoto wa kike."

"Hongereni sana. Na anayemzawadia ni nani?"

"Mume wake."

Sauti yangu haikutetemeka, na mpaka leo sijui niliitoa wapi. Saa ile mume wake, mdogo wangu Renatus, alikuwa amelala mochwari kule Nzega, na udongo wa shimoni ulikuwa bado kwenye kope zake.

Imepita miaka minne. Duka lile lipo palepale Gongoni, na sonara bado anapenda kuwaambia wateja kwamba babu yake alifika Tabora na misafara ya pembe, wenzake wakaendelea Ujiji, yeye akaugua na kubaki. Nikipita mbele ya mlango wake huwa navuka barabara.

Renatus alikuwa mchimbaji mdogo. Alianza na kulima pamba kama baba yetu, pamba ikamchosha, akaingia maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Huko ndiko alikopata fedha za kumtolea mahari Esperansi, binti wa Ulyankulu, ambaye wazazi wake walitoka Burundi wakiwa watoto mgongoni mwa mama zao. Ukoo wetu ulinung'unika kidogo. Renatus hakujali. Alikuwa mtu wa kucheka kwa sauti na kuahidi makubwa, na mimba ya Esperansi ilipoonekana alimwahidi mbele yetu sote: "Ukijifungua salama nitakuvisha dhahabu niliyochimba kwa mkono wangu. Siyo ya kununua. Yangu."

Mimba ilikuja na presha. Miguu ikavimba, macho yakaanza kuona ukungu, tukaamua akae kwangu Tabora awe karibu na hospitali ya Kitete. Uchungu ulimshika mapema kuliko tulivyotarajia, wakampeleka chumba cha upasuaji. Nilikuwa kwenye benchi la nje, nimekumbatia beseni na khanga zake, simu ilipoita. Alikuwa baba mdogo Ngollo.

"Asnath, uko na watu?"

"Niko hospitali, baba. Wifi yuko ndani."

"Toka nje kwanza."

Nikatoka, nikasimama karibu na bomba la maji.

"Duara limetitia," akasema. "Nestory, yule anayechimba naye, alitoka. Mdogo wako ametolewa."

Nilisikia tofauti ya yale maneno mawili, kutoka na kutolewa, na ikanitosha. Nilirudi nikaketi palepale kwenye benchi. Muda si mrefu nesi akanijia na kifurushi cha khanga, ndani yake uso mdogo uliokunjamana kama kiganja cha mzee. "Mtoto mzuri," akasema. "Lakini mama bado. Presha haijashuka. Daktari anasema asipate mshtuko wowote, tafadhali. Wowote."

Basi hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna aliyekaa kikao. Baba mdogo alisema asiambiwe, nesi alikuwa amesema hivyo bila kujua, na mimi nikanyamaza.

Mama yake Esperansi, Mama Nibizi, alifika kesho yake kutoka Ulyankulu, kichwani amebeba kuku kwenye tenga kwa ajili ya supu ya mzazi. Nilimpokea getini nikamweleza. Aliliweka tenga chini. Akaketi kando yake, hapo hapo kwenye vumbi, akaingiza pindo la khanga mdomoni na kuling'ata. Mabega yake yalipanda na kushuka. "Mana yanje," nilimsikia akisema ndani ya kitambaa, Mungu wangu, tena na tena. Kisha akainuka, akaenda bombani, akaosha uso, akakausha kwa pindo lilelile. Tulipoingia wodini alipiga kigelegele kifupi cha chinichini, akamchukua mjukuu, akacheka. Sijawahi kuona kazi ngumu kuliko ile aliyoifanya yule mama.

Tulidhani ugumu utakuwa kuficha machozi. Kumbe ulikuwa kujibu maswali.

"Renatus amesema nini?"

"Amefurahi mno. Mtandao kule mbovu."

"Atakuja lini?"

"Wamefikia mwamba mzuri, hawezi kuacha zamu."

Siku ya kwanza aliridhika. Ya pili aliomba simu yangu apige mwenyewe, akasikiliza ile sauti ya kusema mteja hapatikani, akanirudishia. Jioni uji ulipoletwa aligeukia ukutani.

"Wifi," akasema, bado amegeuka, "kule machimboni kuna wanawake. Hata mimi najua. Ameshapata wake, siyo?"

"Usiseme hivyo."

"Mwanamume aliyepata mtoto haji kumwona? Hata salamu?" Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Msinifiche. Mimi siyo mtoto."

Tangu hapo hakula. Uji wa pilipili manga ulipoa kwenye chupa, supu ikaganda mafuta. Maziwa yakawa machache, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, na yule nesi, akitazama namba za presha, akawa anakunja uso. Mama Nibizi alinivuta koridoni.

"Atatufia huyu," akasema. "Aliahidiwa dhahabu. Mleteeni dhahabu. Ajue mume wake amemkumbuka."

Asubuhi hiyohiyo Nestory alifika kutoka Nzega, mkono umefungwa bendeji, jicho moja jekundu kama pilipili. Alikuja kunieleza kuhusu mazishi. Tulipokuwa tumesimama nyuma ya jengo, alitoa mfukoni kipande cha nailoni kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na dhahabu, ndogo kuliko punje ya hindi, haijanyooka, imebaki na weusi wa moto.

"Yake," akasema Nestory. "Alikuwa haiuzi. Hata tulipolala njaa hakuiuza. Alisema ina mwenyewe."

Ndivyo nilivyojikuta kwa sonara, nachagua kwa niaba ya marehemu.

Alinisogezea hereni. "Mzazi hereni, mama. Ndizo wengi wanazochukua." Zilikuwa nzuri, vipande viwili vya mwanga, na mkono wangu ulikuwa umeshazigusa nilipokumbuka sikio la Esperansi. La kushoto limechanika ndewe. Akiwa msichana, hereni yake ilinaswa na waya ndani ya bani la kukaushia tumbaku, nyama ikafumuka, na haikushonwa. Ndiyo maana hufunga kilemba chake upande. Nikarudisha mkono kama niliyeungua. Mume aliyelala kando ya sikio lile asingeweza kulisahau. Hereni zingekuwa ushahidi kwamba aliyechagua si yeye.

Pete nayo ilinishinda. Walikuwa hawajafunga ndoa kanisani; ilikuwa bado ni ahadi, ya baada ya mavuno. Kumvisha mtu pete inayotoka kwa mkono uliokwisha kuwa baridi, hapana. Bangili ingepita wapi, na mkono wake ulikuwa umevimba kwa sindano za dripu? Ukabaki mkufu. Nilichagua mwembamba, wa viungo vidogo kama mbegu za mchicha, nikampa sonara ile punje ya Renatus.

"Uiyeyushe, unitengenezee tone la kuning'inia hapa katikati. Usichanganye na dhahabu nyingine."

Aliiweka kwenye kijungu chake, akaelekeza moto. Ile punje ilikaa muda, ikawa nyekundu, kisha ghafla ikakubali, ikajikusanya na kutetemeka kama jicho linalotaka kufumba.

"Unalia," akasema sonara.

"Moshi."

"Moto huu hauna moshi, mama."

Aliinuka, akaniletea kigoda, akaendelea na kazi yake akiwa amenipa mgongo, na akachukua muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tuliingia wodini pamoja, mimi na Nestory. Nilikuwa nimemfunza la kusema. Alisimama mwisho wa kitanda, mkono mbovu ameuficha nyuma, akasema Renatus anakusalimu sana, shemeji, amesema uvae hii mpaka atakapokuja. Nikamfunga Esperansi mkufu shingoni. Tone lilitua kwenye kile kibonde chini ya koo, likawa linapanda na kushuka kwa pumzi zake.

Aliligusa kwa kidole. Kisha akatabasamu.

"Mwambie asante," akamwambia Nestory. "Mwambie mtoto ana vidole vyake." Halafu akamgeukia mama yake. "Nipe huo uji."

Alikunywa wote. Akaomba mwingine. Kesho yake presha ilishuka, maziwa yakaja mpaka yakalowesha blauzi, na nesi akatuambia zawadi ya mume ni dawa ambayo hawana katika famasi yao. Tulicheka naye. Mama Nibizi aliniminya mkono chini ya khanga hadi kucha zake zikaniacha alama.

Tulimzika Renatus Jumamosi, kijijini kwetu, mvua ikinyesha, kaburi likijaa maji haraka kuliko vijana walivyoweza kuyachota. Niliondoka Tabora alfajiri nikidai nafuata mzigo wa vitenge. Jioni, kabla ya kuingia wodini, niliosha viatu vyangu kwenye lile bomba ili asione tope.

Aliporuhusiwa kutoka tulimpeleka kwangu. Baba mdogo Ngollo alikuwa ameshafika, na wanawake wawili wa jumuiya yetu ya kanisani. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Esperansi aliingia akawaona watu, akasimama. Mama Nibizi alimfuata akamchukua mtoto mikononi mwake, polepole, bila kumtazama machoni. Nadhani hapo ndipo Esperansi alipojua. Maneno ya baba mdogo yalikuja nyuma.

Hatukusikia mayowe. Tulikuwa tumejiandaa kumshika, na hapakuwa na wa kushikwa. Aliketi.

"Lini?" akauliza.

"Siku uliyojifungua, mwanangu," akasema baba mdogo.

Akaitikia kwa kichwa kama anayekubaliana na bei ya kitu sokoni. Baadaye, wanawake walipokuwa jikoni, aliniita chumbani. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kilemba amekivua, sikio lake wazi.

"Hii cheni uliichagua wewe."

"Ndiyo, wifi. Lakini hilo tone ni dhahabu yake. Nestory aliileta."

"Nilijua siku ileile kwamba si yeye aliyechagua." Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mtu mgonjwa. "Renatus angeleta hereni. Kila mara aliniletea hereni. Ninalo kopo zima. Analiona sikio hili kila asubuhi, akienda mjini anarudi na hereni, anafurahi, halafu anakumbuka, anajipiga paji la uso. Nilikuwa nampoza, navaa moja tu upande huu. Ulipoifunga hii nikasema, haya, hii imechaguliwa na mwanamke. Nikasema ndiye huyo wa machimboni. Ameona aibu, akamtuma mwanamke wake amchagulie mke wake zawadi, na wewe wifi yangu unajua, unawasitiri."

Niliketi kando yake.

"Unadhani kwa nini nilikula?" akaendelea. "Nilikula kwa hasira. Nilisema sitakufa ili yule mwanamke alee mwanangu. Kila kijiko nilichomeza nilimlaani Renatus. Nikinyonyesha namlaani. Nilimwambia Mungu amfukie hukohuko shimoni." Hapo akalikamata lile tone. "Wifi, nilimlaani mtu aliyekwisha kufukiwa."

Ndipo alipolia. Nilimshika, na kilio chake kilikuwa kinanipita mifupani. Jikoni mmoja wa wale wanawake akaanzisha wimbo wa Bikira Maria kwa sauti ya chini.

Nimefikiri sana juu ya siku zile. Daktari alisema asipate mshtuko, na hakuupata. Alipata chuki badala yake, na chuki ilimlisha mpaka akapona. Watu huniambia tulifanya vema, mtoto ana mama. Ni kweli ana mama. Sina la kubishana nao.

Baada ya arobaini, kabla hajarudi Ulyankulu, aliomba apelekwe kaburini. Tulikwenda watatu pamoja na mtoto. Kifusi cha kaburi kilikuwa kimekauka na kupasuka, na majani ya kwanza yalikuwa yanachomoza kwenye nyufa. Esperansi alisimama upande wa miguu, akaanza kuongea. Aliongea Kirundi, lugha ambayo mdogo wangu hakuijua zaidi ya salamu. Aliongea kwa muda mrefu, pengine kwa ukali, pengine kwa kubembeleza, na mara moja nilidhani amecheka.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza Mama Nibizi.

"Hayo ni ya kwao," akanijibu.

Mtoto alianza kulia. Esperansi aliyakata maneno yake katikati, akageuka, akampokea. Alitafuta pa kukaa, hapakuwa na jiwe wala gogo, jua lilikuwa kali. Akaketi ukingoni mwa kaburi, akafungua blauzi, akamnyonyesha. Mimi na mama yake tulinyoosha khanga juu ya kichwa chake, kila mmoja na pembe zake, tukasimama hivyo, mikono ikitufa ganzi, tukimngoja mtoto ashibe.