Kufunga Kiyoyozi kwa Shemeji

Cheche, fundi wa kuchomelea, hakuwa mtu wa kuombwa mara mbili na dada yake. Alipopigiwa simu kwamba shemeji amenunua kiyoyozi cha dirishani na anahitaji mtu wa kukata nondo, aliacha geti la mteja limeegemea ukuta, akabeba vifaa vyake na kupanda ngazi hadi ghorofa ya tatu akihema.

Dada alifungua mlango. Jino lake la mbele halikuwepo.

"Niliteleza bafuni," alisema kabla hajaulizwa.

Cheche akaamini. Mwaka uliopita pia aliteleza bafuni, akavunjika mkono, na Cheche akanunua zulia la mpira akaja kulitandika huko mwenyewe, amepiga magoti. Ndivyo alivyokuwa mjinga. Baadaye alijilaani kwa zulia lile kuliko kwa lolote alilofanya siku hii.

Chumba cha kulala kilikuwa tanuri. Cheche alikata nondo tatu za dirisha, akazilaza sakafuni ncha zake zikiwa bado za moto, kisha akapandisha kioo. Kilikuwa kioo kizito chenye fremu ya chuma, cha kupandisha na kushusha. Chini kabisa, usawa wa dirisha, lilikuwa limeegeshwa gari jipya la shemeji. Aliliosha mwenyewe kila asubuhi, na ole wake atakayeliegemea.

Dada alishika karatasi ya maelekezo. "Hatua ya tatu," alisoma. "Watu wawili wanyanyue mashine, upande wa nyuma utokeze nje. Hatua ya nne, msiiachie kabla dirisha halijashushwa."

Cheche na shemeji wakainyanyua. Ilikuwa nzito kama mfuko wa saruji. Nyuma ikatokeza nje, na shemeji akaing'ang'ania ukingo wa juu kwa vidole vya mikono yote miwili.

"Sasa nitapumua," alisema akicheka. "Na yule mama mbea wa jirani naye atapumzika. Tukisogeza kabati kidogo tu, anagonga ukuta, kuna nini, kuna nini! Dude hili lina muungurumo. Likiwaka, hasikii kitu."

Cheche akalitazama kabati. Lilikuwa limepigwa boliti nne ukutani. Alizipiga yeye wiki ya harusi, akazipaka rangi, na rangi ile haikuwa na hata mkwaruzo.

Akautazama mdomo wa dada yake.

"Mnasogeza kabati lipi, shemeji?"

Cheche akaachia upande wake.

Mashine ikayumba kuelekea nje. "Shika, wewe! Gari langu!"

"Nimekuuliza, kabati lipi?"

Ngumi ya kwanza ilitua mbavuni. Mtu mwenye mikono mitupu angejikinga, lakini mikono ya shemeji ilikuwa na kazi. Ya pili ilipasua mdomo, damu ikarukia bati jeupe la mashine.

"Hiyo ya jino. Bado ya mkono!"

Ya tatu ikavunja pua. Na hata hapo shemeji hakuiachia mashine. Mke alimvunja bila kufikiri mara mbili, lakini gari, hapana.

Cheche akainama, akaokota nondo. Ilimuunguza kiganja, akazidi kuikaza. Hakutaka tena majibu. Alikitaka kichwa kile.

"Kaka, weka chini."

Cheche alisikia uchungu uliozidi ule wa moto. Hata leo anamtetea! Shemeji naye akapata matumaini, akatema damu. "Mwambie, mke wangu. Mwambie ana wazimu huyu."

"Weka chini," dada akarudia. "Ukifungwa, nani atanipeleka nyumbani?"

Nondo ikaanguka sakafuni.

Dada akairudia karatasi yake. "Hatua ya tano. Shusha dirisha kwa nguvu mpaka likae juu ya mashine."

Akaiweka karatasi kitandani, akashika fremu kwa mikono miwili, akaishusha kwa uzito wake wote.

Vidole vilivunjika kwa pamoja. Shemeji alilia kilio ambacho nyumba ile ilikuwa haijawahi kukisikia kutoka kwake, akabaki ananing'inia kwa mikono ileile iliyong'oa jino. Mashine ilikaa sawasawa. Gari halikupata hata vumbi.

Dada alikuwa tayari amefungua kabati, anatupia nguo zake kwenye begi, ukuta ulipogongwa mara tatu.

"Jirani! Kuna nini huko?"

"Nisaidie!" shemeji alipiga kelele. "Mama, nisaidie, nakufa!"

Dada akasogea ukutani na begi lake mkononi.

"Tunasogeza kabati tu, jirani!"

Shemeji akalia tena, kwa sauti ambayo hakuna ambaye angeshindwa kuitambua kuwa ya mwanamume.

"Haya," akasema jirani. "Lisogezeni vizuri."