Debe Moja la Mawe Yaliyoiva

Baba alifariki siku ya pili ya moto. Tanuri letu la chokaa pale Pongwe hutaka siku tatu, mchana na usiku, ndipo mawe yaive. Lakini baba mdogo Edgar alisema msibani hakuna kazi, tukaacha moto ufe. Mimi niliyekuwa nachochea na baba nilijua tunaharibu. Nikaliweka chini gogo nililoshika.

Kwetu kaburi la mchoma chokaa hupakwa chokaa ya tanuri lake mwenyewe, siku ya arobaini. Wiki moja kabla, tukalifungua tanuri. Jiwe lililoiva ukilimwagia maji huchemka, likapasuka kuwa unga. Nikamwagia la juu, kimya. La pili, kimya.

"Haya ya kujengea choo," baba mdogo akasema. "Tununue chokaa ya dukani, Leticia. Marehemu hatambui."

"Baba alikuwa akitambua kuni mbichi kwa moshi tu. Hii ya dukani ataitambua."

Nikachimba hadi chini, karibu na mdomo wa moto, tulipopanga magogo siku ya kwanza. Nikapata debe moja la mawe mepesi mkononi. Moja nikalitia maji, likachemka.

Binti wa baba mdogo, Beatrisi, anafundisha kemia sekondari. Nikamuuliza joto lile latoka wapi, maana jiwe lilikuwa baridi.

"Kulivunja jiwe kunakula moto, dada. Hewa iliyoshikamana nalo inang'oka, inatoka. Likikutana na maji linashikamana upya, na kushikamana ndiko kunakotoa joto."

"Basi ni joto la kuni za baba."

Akafikiri. "Sehemu yake, ndiyo."

Tangu hapo sikutaka tena kulizima kwa maji debe lile. Nikaliweka stoo, nikalifunika. Siku ya nne mawe ya juu yalikuwa yameanza kumomonyoka.

"Yanakunywa unyevu," Beatrisi akasema. "Ukiyatunza yatajizima polepole, na joto lake hutalisikia."

Asubuhi ya arobaini nikalibeba hadi makaburini, nikamimina maji. Likanguruma, mvuke ukapanda. Nikaweka viganja juu yake kwa mbali, kama tulivyokuwa tukiota moto mimi na baba. Baba mdogo akavua kofia, naye akanyoosha mikono.

"Heri ningekuacha uchochee," akasema.

Tukangoja chokaa ipoe, na mimi ndiye niliyetaka isipoe. Tulipoipaka kaburini, ilitosha upande wa kichwa tu. Kwingine tuliacha saruji ilivyo.