Sukari Iliyokuwa Kwenye Dripu

Chumba cha dawa za saratani kilikuwa na viti sita vya kulalia. Mzee wangu alipewa kile cha dirishani, kwa sababu muuguzi alinisikia nikisema kwamba jua la asubuhi humtuliza. Mambo madogo kama hayo huwa hayanipiti.

Ilikuwa siku ya kwanza ya dawa mpya ya uvimbe wake wa koo. Mionzi peke yake haikufua dafu, na daktari alituambia wazi kwamba tumaini lililobaki ni hili.

"Usinitolee macho hivyo, mama watoto," mzee akanikonyeza. "Ni maji tu kwenye mpira."

Muuguzi akafungua dripu. Dawa ikaanza kushuka tone kwa tone. Akaniuliza kama baba anakula vizuri.

"Anakula," nikajibu kwa maringo. "Ila nyama yote ananihamishia mimi. Karibu mwaka mzima sasa, kila sahani. Miaka arobaini na mitatu ya ndoa, bado anajifanya bwana harusi!"

Nilidhani muuguzi atacheka. Badala yake mkono wake ukasimama hewani.

"Baba, ukila nyama unawashwa?"

Mzee alikuwa tayari anajikuna shingo. Akafungua mdomo ajibu, sauti haikutoka. Midomo ikavimba mbele ya macho yangu. Pumzi yake ikalia kama filimbi. Muuguzi akaifunga dripu, akamwita daktari kwa sauti iliyosimamisha chumba kizima, na kabla sijanyanyuka mzee alikuwa amechomwa sindano ya paja juu ya suruali. Niliwaza kwamba suruali ile nimeipiga pasi asubuhi. Mume wangu anakufa, mimi nawaza pasi! Hadi leo naona haya.

Sijui zilipita dakika ngapi. Alipoanza kupumua tena nilijikuta nimekaa sakafuni, nimekumbatia kiatu chake.

Daktari hakuniinua. Alichuchumaa pale pale nilipo.

"Bibi, dawa ile ni protini. Inatengenezwa ndani ya chembe hai za panya, zinazokuzwa kiwandani. Ndani ya chembe kuna vimeng'enya. Vifikirie kama mafundi wadogo, wanaobandika sukari juu ya protini. Sisi binadamu tunao mafundi wetu, ila mmoja hatuna. Panya anaye, ng'ombe anaye, mbuzi anaye. Sukari anayobandika huyo, mwili wetu hauna."

"Kwa hiyo nyama nayo..."

"Ina sukari ile ile. Watu wengi haiwadhuru. Lakini ukiumwa na kupe, kuna wakati mwili unajifunza kuikataa. Baba alikuwa anafanya kazi gani?"

Mume wangu alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe hadi mwaka juzi. Nimemchomoa kupe miguuni jioni ngapi, tukitaniana?

Mzee akafumbua jicho moja. "Nilikuwa nawashwa saa nne, tano baada ya kula," akasema kwa sauti iliyokwaruza. "Natoka nje nijikune, nisikuamshe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeacha kupika nyama. Na wewe unaipenda."

Mwaka mzima nilikuwa nakula upendo wake nikishukuru, na upendo ule ule nusura umuue.

"Dawa hii hataipata tena," daktari akasema. "Iko nyingine, inatengenezwa kwenye chembe ambazo hazibandiki sukari hiyo. Ila kuagiza ni wiki tatu."

"Uvimbe utasubiri wiki tatu?"

Hakunidanganya. "Sijui, bibi."

Muuguzi alikuwa ameshainua simu. Alipiga hospitali ya kwanza, ya pili, ya tatu, akibembeleza kana kwamba mgonjwa ni baba yake mzazi. Ya nne wakamwambia wanayo. Ingefika Jumatatu.

Mzee walimlaza hapo hapo wamwangalie mpaka kesho. Nilimwinamia sikioni.

"Baba watoto, kabla ya hiyo Jumatatu. Kuna kingine unanificha?"

Akatazama dari. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Nikamwita daktari arudi na kalamu.